Mikono Uliyoipaka Udongo

Nyumbani kwa Mama Esekon,
S.L.P. 71,
Lodwar.

9 Machi 1998

Mpendwa kaka yangu Ekiru, Baba Namuria,

Ejok, kaka. Ejok tena. Pokea salamu zangu na za watu wote wa hapa nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, na kipindi hiki cha Kwaresima namwomba akuangalie huko Mombasa uliko, wewe na nyumba yako.

U hali gani? Lile bega la kushoto bado linakuuma ukililalia? Mama Namuria je, ile presha imeshuka au bado anaficha chumvi chini ya sahani akidhani humwoni? Tulisikia kwenye redio kwamba baada ya ile mvua kubwa kipindupindu kiliingia huko pwani. Nikapiga magoti. Chemsheni maji, kaka, hata kama yanaonekana safi. Na Namuria, mtoto wetu, anaendeleaje na kidato cha nne?

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua hiyo hiyo ilitufikia. Mto Turkwel ulifurika ukachukua shamba langu dogo la mtama, na ng'ambo ya pili ukachukua mbuzi wa watu wakiwa hai. Barabara ya Kalokol ilikatika, watu wakavuka wakiwa wamebeba viatu kichwani. Lakini sasa kuna majani ambayo sijayaona tangu tukiwa watoto.

Mama yetu yuko Nakalale na wanyama. Amenenepa! Alimtuma mtu aniambie kwamba maziwa yapo na wanywaji hawapo. Macho yake hayaoni mbali, lakini mbuzi wake bado anawajua mmoja mmoja kwa sauti. Anakuulizia kila mara kama bado unachunga wezi wa serikali huko jela. Mimi humjibu ndiyo, anachunga, na hakuna aliyepotea.

Biashara yangu nayo inasukumika. Ziwa limetoa samaki. Naenda Kalokol, nachukua wale waliokaushwa, napanda nao lori mpaka Kakuma, na kule kambini wanawake wa Sudan wananunua. Namshukuru Mungu. Sikuandikii kukuomba kitu cha mfukoni, na hilo nakuambia mapema ili usome barua hii ukiwa umetulia.

Sasa nisogee karibu nikwambie kilichonifanya nitafute kalamu.

Ni habari ya Esekon. Usishtuke. Si mgonjwa, wala hayuko njiani kuletwa kwenu jela. Yumo ndani ya nyumba mchana huu ninapoandika, amelala akiuangalia ukuta, na shati lake la kuendea ofisini limening'inia msumarini juu ya kichwa chake.

Unakumbuka ulivyokuja likizo mwaka ule wa mtihani wake. Ulichinja beberu mwekundu. Ulichukua emunyen, ukauchanganya ule udongo mweupe na mafuta, ukampaka kwenye paji la uso kama wazee wanavyobariki. Hapo wote tulidhani umemaliza. Wewe ukamshika mikono, ukaigeuza, ukavipaka na viganja vyote viwili. Ukasema mbele ya watu, "Mikono hii haitabeba gunia la mtu. Itashika kalamu. Gunia likiikaribia, iwe mizito, ikatae." Sisi tukaitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kupita wote, mpaka watoto wa jirani wakanicheka.

Nilijua ulikotoa maneno hayo. Nilijua ni lile bega lako. Ulipofika Mombasa ukiwa kijana uliyabeba magunia ya bandarini mpaka ngozi ikatoka, na hukutaka mtoto wa dada yako apite hapo. Baba yake Esekon alikuwa ameshatuacha, wewe ndiye uliyemsomesha. Kwa hiyo lolote utakalosoma chini hapa, lisome ukijua kwamba silaumu.

Basi matokeo yakaja, B minasi. Shule nzima hakuna aliyemfikia. Tulifanya misa ya shukrani. Mama yetu alipoelezwa kwamba kuna B kamili na kuna B minasi, alikasirika, akauliza, "Nani alikikata hicho kipande? Kwa nini mtoto wangu agawiwe iliyokwisha kuliwa?" Ilibidi katekista amweleze, na hata sasa haamini.

Na unamkumbuka Ekuwam, mtoto wa shemeji yangu, aliyekaa dawati moja na Esekon. Yeye alipata D. Wewe mwenyewe uliandika ukatuchekesha, ukasema D ni alama ya kwato ya punda aliyepita karibu na darasa bila kuingia. Ekuwam alicheka kuliko sisi. Wiki hiyo hiyo alipanda lori akaenda Kakuma kupakua chakula cha wakimbizi.

Wewe uliandika, "Esekon asiguse kibarua. Angoje kazi ya gredi yake." Na yeye amengoja, kaka. Hajakuvunjia neno. Miaka inatoka, inaingia mingine. Kila Jumapili jioni anawasha makaa, anapiga pasi shati, na Jumatatu anakwenda. Hapa Lodwar amezunguka ofisi zote zenye mlango. Anasifiwa. Karani anamwambia, "Wewe umesoma vizuri, kijana," halafu anarudishiwa karatasi zake. Mahali pengine wanasema nafasi hakuna, mahali pengine nafasi ipo na mtu wake yupo. Cheti chake kimo ndani ya nailoni, na nailoni yenyewe sasa imekuwa ya rangi ya chai.

Mzigo hajabeba. Hapo ndipo ninapotaka uone maisha yetu yalivyo. Nikirudi na samaki, yeye anamtafuta punda. Punda akikosekana, anaazima mkokoteni wa mkate wa jirani. Siku moja ulizuka ubishi kama kusukuma mkokoteni ni kubeba au si kubeba. Tukaenda kumuuliza mzee Ewoi, yule wa rika la baba yetu. Akafikiri sana, akatema tumbaku, akasema, "Gurudumu ndilo limebeba." Tukarudi nyumbani tukicheka. Lakini usiku ule sikulala kwa raha, kwa maana nilijiuliza, je, tutaishi hivi mpaka lini, tukiulizia magurudumu?

Mwezi uliopita palitokea nafasi Kakuma. Shirika moja lilitaka karani wa kuandika magunia yanayoingia na kutoka ghalani. Esekon akaomba, akaitwa. Furaha niliyokuwa nayo sitaweza kuiandika. Nilichukua samaki wangu tukapanda lori moja, yeye na shati lake akaligeuza ndani nje ili vumbi lisilione.

Tuliposhuka Kakuma, turnboi wa lori akanitupia magunia yangu chini kama kawaida. Nikaanza kuyavuta kando ya barabara. Esekon amesimama na bahasha yake. Wapakiaji wa pale walikuwa wamekaa kivulini.

"Mama," mmoja akaniita, "huyo ni mtoto wako au ni abiria?"

"Msimguse!" mwingine akasema. "Huyo ni D.O. mpya wa serikali. Akishika samaki, nani atatusomea sheria?"

"D.O. gani anatembea na mama yake!"

Nikawaambia waende wakawatafute mama zao. Lakini nilimwona Esekon akiangalia vidole vya miguu yake. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe." Nikamwambia hakuna cha kusamehe, akimbie, ofisi isifunge.

Mimi nikaenda kumngojea kwenye kibanda cha Abul. Huyu ni mwanamke Mdinka, mteja wangu wa samaki, ni mtu wa sala sana ingawa kanisa lake si letu. Nikamweleza habari ya B ya Esekon, labda nilijisifu kidogo, Mungu anisamehe. Abul akaniangalia.

"Mama Esekon, hiyo B unapika na nini?"

"Unacheka," nikamwambia. "Mtoto wako Manyang anafanya kazi, ndiyo maana unacheka."

"Manyang yangu hana karatasi hata moja," akasema. "Shule ilichomwa. Yeye anajua Kizungu, anajua Kiarabu, anajua Kidinka, wanamchukua kutafsiri. Kazi ni ile ile, leo, kesho. Wakitaka mkubwa wa kazi wanauliza karatasi iko wapi. Karatasi iko kwa moto." Akageuza samaki juu chini. "Wewe mtoto yako iko na karatasi, hana kazi. Mimi mtoto iko na kazi, hana karatasi. Tuchanganye hawa watoto wawili, tutoe mtu mmoja mzima."

Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini maneno yake hayajanitoka. Watu hapa wanabishana kila siku, wengine wanasema gredi si kitu, wanamtaja Ekuwam. Mimi nikimfikiria Manyang nashindwa kusema gredi si kitu. Na nikimwangalia Esekon nashindwa kusema ndiyo kila kitu.

Esekon akarudi. Alikaa juu ya kopo la mafuta akanieleza yote. Aliyemhoji ni mama mmoja wa kutoka Nairobi, mpole. Alikisoma cheti chake akasema, "Alama zako zimepita zangu." Kisha akamuuliza, "Tangu umalize shule umefanya kazi wapi?"

Esekon akajibu, "Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Kazi hii."

Waliokuwa mezani wakacheka. Yule mama hakucheka. Akamwambia, "Nikipeleka jina lako juu, wataniuliza nani ameiona kazi yako, na mimi sina wa kumtaja. Nenda ukafanye kazi yoyote, hata kwenye ghala letu hapo. Ukae mpaka msimamizi wako akujue. Ukirudi na barua yake pamoja na cheti hiki, nitakuita kabla ya wengine, kwa maana wenye gredi kama yako hawaji hapa mara nyingi."

Umesikia, kaka? Mlango wa kalamu upo, na gredi yake ndiyo ufunguo, huyo mama amesema hivyo kwa mdomo wake. Lakini njia ya kufikia mlango imepita katikati ya magunia.

Na msimamizi wa ghala hilo unamjua ni nani? Ni Ekuwam. Kwato ya punda. Alianza kwa kubeba, wakaona haibi na hachelewi, sasa ndiye nyapara wa wapakiaji wote na funguo ziko kiunoni. Tulimkuta mlangoni, akaniamkia kwa heshima, "Mama, karibu," akamkumbatia mwenzake.

"Mama, niletee huyu profesa," akaniambia. "Abebe abebe kidogo, miezi michache tu. Halafu nitampa barua. Yaani ataiandika yeye, mimi nitaweka sahihi, Kizungu changu si unakijua? Mimi mwenyewe sitaki akae kwa magunia. Atanichelewesha malori."

Esekon akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu zamani. Akavua shati, akalikunja vizuri, akanipa mimi nilishike. Kulikuwa na lori la mahindi linapakuliwa. Akaenda kwenye mstari pamoja na wengine, Waturkana na Wasudani.

Nilisema Salamu Maria kimoyomoyo.

Alilishika gunia kwenye pembe mbili, akalinyanyua mpaka usawa wa magoti. Hapo nikaona vidole vinatetemeka. Si uzito, kaka, ni kijana mwenye nguvu, ngamia aliyeanguka anamwinua. Akatokwa na jasho usoni, akaliachia. Gunia likapasuka ubavuni, mahindi yakamwagika mavumbini, na wanawake waliokuwa kando wakakimbia na vitambaa vyao kuokota.

"Profesa anapanda mahindi!" mtu akapiga kelele. Wakaangua kicheko wote.

Ekuwam akawageukia. "Nyamazeni. Mjomba wake alimpaka mikono."

Waturkana walinyamaza pale pale, kama mtu amezima redio. Mmoja wao, mtu mzima, alisogea nyuma asimguse. Wasudani waliendelea kucheka, hawakuelewa. Na mimi nakwambia kweli, kile kicheko cha wasiojua hakikuniuma kama ule ukimya wa wanaojua.

Tulirudi Lodwar. Njiani alisema neno moja tu. Alisema, "Mama, afadhali ningepata D. Mwenye D hakuna aliyembariki."

Nimejaribu, usidhani nimekuja kwako kwanza. Nilimwendea katekista. Akamwombea Esekon, akamnyunyizia maji ya baraka viganjani, akasema Mungu hamfungi mtu kwa baraka. Esekon akasema amina, akashukuru. Kesho yake nikamwambia ajaribu gunia langu la samaki, jepesi kabisa. Akaliangalia tu. Akaniambia, "Katekista hakuwa pamoja na mjomba siku ile."

Nikarudi kwa mzee Ewoi. Safari hii hakutania. Akaniuliza, "Aliyeyasema maneno hayo yuko hai?" Nikasema yuko hai, yuko Mombasa, ni askari jela. Akasema, "Basi unaniuliza mimi nini? Kamuulize yeye. Mimi nikiyagusa nitakuwa namzika akiwa hai."

Mimi ni Mkristo, Baba Namuria. Rozari yangu unaijua, ndiyo ile uliyoniletea wewe. Sitaki kuamini kwamba udongo una nguvu kuliko damu ya Mwokozi. Katika jumuiya yetu mimi ndiye ninayewaambia wengine waache hofu hizo. Halafu nikimwona mtoto wangu amesimama mbele ya gunia, hofu ile ile inanishika. Yule kijana wa Lokichoggio aliyevunja neno la mjomba wake akaanguka kutoka kwenye lori, najua, dereva alikuwa amelewa. Najua. Lakini alianguka.

Kwa hiyo uniangalie nilivyokaa. Nikimsukuma aende, na likatokea la kutokea, mimi mama yake ndiye niliyemsukuma. Nikimwacha akae, anakauka mbele ya macho yangu. Nikisema maneno yako hayana maana, nimekuvunjia heshima wewe uliyetubeba sote tangu baba afe. Nikisema yana maana, nimemfunga mtoto. Kila ninapogeukia kuna ukuta, na ukuta wenyewe umejengwa kwa mapenzi tu. Hakuna adui hapa wa kumshitaki kwa Mungu.

Na yeye ameanza kukaa nyuma ya maduka na wale vijana wa pombe. Hajanywa. Ananiambia hajanywa na ninamwamini. Lakini anakaa hapo kwa sababu hao peke yao hawamwiti profesa.

Kaka, nikuambie jambo moja kwa heshima, halafu ulipime. Wewe mwenyewe ulitokea wapi ukaingia kazi ya serikali? Si yule msimamizi wa bandarini aliyekuona ukibeba bila kulalamika, akakutaja kwa mkubwa wa jela? Bega ndilo lililoumia, na bega hilo hilo ndilo lililokufikisha. Ulipompaka Esekon uliliona lile la kwanza tu. Hata mimi niliona hilo la kwanza tu, ndiyo maana niliitikia kwa sauti.

Sasa ombi langu. Ekuwam amesema baada ya Pasaka watachukua wapakiaji wapya, na nafasi moja ataishikilia mpaka ile wiki inayofuata sikukuu. Zaidi ya hapo hawezi, wakubwa wake watauliza. Nataka utulegezee yale maneno. Usiyafute, maana yalikuwa mazuri na Mungu aliyasikia. Useme tu kwamba mikono hii inaweza kupitia kwenye gunia ikielekea kalamu.

Najua ingefaa uje. Najua pia likizo yako haifiki mpaka mwisho wa mwaka. Usipige simu posta, pale kila mtu anasikiliza na waya unakata maneno katikati. Neno kama hili likikatika katikati nitafanya nini nalo? Andika kwa mkono wako mwenyewe, kwa lugha yetu, kama ulivyolisema siku ile. Mimi sitalisoma. Nitawaita mzee Ewoi na katekista, wakae pamoja, hata kama hawatazamani, na Esekon atalisoma mwenyewe kwa sauti. Kusoma hakumshindi.

Na jambo la mwisho, usinicheke. Huko Mombasa hakuna emunyen. Lakini hakuna nchi isiyo na udongo. Chukua wowote ulio nje ya nyumba yako, uloweshe kwa mafuta kidogo, utie kidole gumba, ubonyeze chini ya maneno yako. Mtoto aweke viganja vyake hapo. Kisha pembeni andika msalaba mdogo, huo ni wangu mimi, ili nami nilale.

Kuhusu Namuria, namwombea kila siku apate alama nzuri, tena B ambayo haijakatwa kitu, bibi yake asije akagomba. Ukimbariki kabla ya mtihani, mpake pajini, umwachie Mungu. Usiiambie mikono yake itafanya nini.

Nisalimie sana Mama Namuria, mwambie kile kikapu cha majani ya mikoma alichoniomba nimeshamaliza kukisuka, nangoja mtu wa safari. Nisalimie watoto wote, na yule rafiki yako wa Lokori mnayefanya kazi pamoja. Hapa Awoi, binti yangu, anakuamkia, na mama yetu anasema uje umnywee maziwa kabla hayajaharibika. Ekuwam naye amesema nikuambie punda anamsalimu mwalimu wake. Alisema akicheka, hana kinyongo.

Bwana akufunike kwa mkono wake, akulindie bega lako na nyumba yako, na Pasaka ikukute salama.

Esekon hajui kama nimeandika. Anajua tu kwamba niliomba kalamu yake, na aliniangalia nikiichukua. Posta kutoka huko hukawia, kaka, na Pasaka haikawii. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako ninayekupenda siku zote,

Perpetua Akeno
(Mama Esekon)